Bwawa la kupumzikia: hatari yake huhesabiwa kwa waliolala chini ya tuta

Silanga ya mifugo, yaani lambo la kunyweshea ng'ombe, na bwawa la kupumzikia ni ndugu wa tumbo moja: udongo umeshindiliwa, maji ya mvua yamezuiwa. Tofauti huanza siku mwenye shamba huko Ganda, Jilore au Marafa, kaunti ya Kilifi, anapoamua kwamba maji yale yasiishie kwa ng'ombe. Anateremsha mitumbwi, anapandikiza samaki, anaezeka vibanda vya makuti kwa wageni wa wikendi, na anataka bwawa lijae pomoni mwaka mzima, maana bwawa lililokupwa halimvutii mgeni. Kuanzia hapo kazi ya tuta imebadilika na watu walio karibu nalo wameongezeka, lakini vipimo vilivyo kwenye faili bado ni vya silanga ya ng'ombe, kama faili yenyewe ipo.

Haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye bwawa la namna hiyo, fundi anayeitwa kulijenga au kulipanua, na jirani aishiye bondeni ambaye ana haki ya kuuliza maswali na kujibiwa.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Daraja la hatari la bwawa haliulizi kama tuta ni zima au bovu. Linauliza hivi: tuta likivunjika, nani atakufa na nini kitaharibika? Tuta lililojengwa vizuri kupita yote Kilifi linaweza kuwa la daraja la juu kabisa kwa sababu chini yake kuna kijiji, na tuta lililochakaa likawa la daraja la chini kwa sababu chini yake ni nyika tupu. Ubora wa tuta ni hesabu nyingine, hufanywa kando. Mwenye bwawa akiambiwa kwamba lake ni la hatari ya juu asidhani kazi yake imetukanwa. Ameambiwa tu kwamba kuna watu chini yake, kwa hiyo lazima utoro wake, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada, uwe mpana zaidi, ukaguzi uwe wa mara kwa mara zaidi, na mpango wa kuwaondoa watu uwepo.

Marekani huyagawa mabwawa madaraja matatu. La juu ni pale ambapo tuta likivunjika inatazamiwa mtu atakufa, na mtu mmoja anatosha, hawahitajiki kumi. La kati ni pale ambapo vifo havitazamiwi lakini barabara, maji ya mji, mali au mazingira yataharibika vibaya. La chini ni hasara ndogo inayomwangukia zaidi mwenyewe. Kwetu Kenya, kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka jedwali la tabaka A, B na C kwa vipimo, A ikiwa ndiyo ya hatari ndogo. Tabaka A ni kina cha maji kisichofika mita 5, ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 na eneo la kukusanya maji lisilofika kilomita za mraba 100. Tabaka B hufika mita 15, mita za ujazo milioni 1 na kilomita za mraba 1,000. Kinachozidi hapo ni C. Vipimo hivi ni rahisi kushika na ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila vinapima bwawa. Havimpimi mama aliyelala na wanawe kando ya mkondo, kilomita moja chini ya tuta.

Tuchukue bwawa la mfano. Kina cha maji penye tuta ni mita 4.8, ujazo ni mita za ujazo 80,000, uso wa maji ni hekta 4, yaani ekari 10 hivi, na eneo la kukusanya maji ni kilomita za mraba 4. Kwa kila kipimo hilo ni tabaka A, hatari ndogo. Sasa likivunjika? Fomula ya Froehlich ya mwaka 1995, iliyotokana na mabwawa yaliyokwisha kuvunjika, huchukua ujazo wa maji na kimo chake na kutoa makadirio ya kilele cha mafuriko. Kwa bwawa letu jibu ni karibu mita za ujazo 120 kwa sekunde. Lile boza la maji la lita 10,000 linalopita mtaani wakati wa kiangazi: fikiria 12 yakimwagwa kwa pamoja kila sekunde, katika mkondo ambao jana watoto walikuwa wakichezea mpira. Hii ndiyo hatari ndogo ya kwenye jedwali.

Kwamba jedwali hudanganya si nadharia. Bwawa la Ka Loko katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, lilikuwa limeandikwa kuwa la hatari ya chini. Lilivunjika tarehe 14 Machi 2006 likaua watu 7. Na hapa nyumbani, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 katikati ya masika, tuta la udongo la shamba binafsi kule Solai, Nakuru, liliachia maji juu ya watu waliokuwa majumbani mwao, na waliokufa walizidi 40.

Kwa hiyo daraja la kweli hupatikana kwa miguu. Anza kwenye mguu wa tuta, pale upande wake mkavu unapokutana na ardhi, washa ramani ya simu irekodi njia, kisha fuata mkondo kwenda chini. Usiufuate kwa gari kupitia barabara, maana barabara hupita juu na nyumba ziko chini. Kila nyumba, bomba la maji, kalvati, zizi, kisima, darasa, madrasa na banda la biashara liandike: umbali kutoka kwenye tuta, na sakafu yake iko mita ngapi juu ya kitako cha mkondo. Kimo hicho unaweza kukipima kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 20, watu wawili wakisogea hatua kwa hatua. Endelea hadi pale bonde linapokuwa pana kiasi cha kuyatawanya maji yakawa ya vifundoni, au mkondo unapoingia mto Sabaki au baharini. Kwa bwawa la mfano wetu usitarajie kumaliza chini ya kilomita kadhaa.

Ardhi ya nyuma ya Malindi ina mtego wake. Mikondo mingi ni mikavu miezi mingi ya mwaka, na ule mchanga mwekundu hunywa mvua ndogo bila kuacha alama. Mtu akiona bonde halijapitisha maji miaka mitano, analilima, kisha anajenga banda la kulindia shamba, kisha banda linakuwa nyumba. Si uzembe wake. Bonde lenyewe limemwambia kwamba limekufa. Ndiyo maana ramani ya miaka kumi iliyopita haifai kitu kwenye kazi hii, na ndiyo maana hesabu ya watu hurudiwa kila mwaka.

Hesabu ifanywe mara mbili, mchana na usiku. Mchana utakuta watu shambani na kwenye kivuko. Usiku utakuta waliolala, na hao ndio wazito, kwa sababu hawaoni wala hawasikii. Usisahau mangweni: pale panaponywewa tembo la mnazi jioni panaweza kuwa na watu ishirini ambao hawamo katika daftari lolote, nao wameketi kwenye kivuli cha chini kabisa cha bonde. Ongeza na wageni wako mwenyewe. Kambi ya mahema iliyowekwa chini ya tuta kwa sababu kuna nyasi nzuri na ubaridi hulipandisha bwawa hadi daraja la juu siku ile ile hema la kwanza linaposimamishwa. Nasema bila kuuma maneno: kambi hiyo ihamishwe. Ile nyasi nzuri na ule ubaridi, mara nyingi, ni maji yanayonyeza, yaani yanayovuja taratibu, kutoka kwenye tuta.

Kadiria pia muda. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde, kilomita moja ni dakika 8 na ushei. Mtu aliyeamshwa usingizini, mwenye watoto watatu na mzee asiyetembea, dakika 8 hazimtoshi. Na asidhani atavuka: maji ya magotini yakienda kwa nguvu humwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 huinua magari mengi. Ukipata nyumba moja tu ndani ya umbali huo na sakafu yake iko chini ya kimo cha mafuriko, kazi ya kuainisha imekwisha. Daraja ni la juu.

Sasa tuje kwenye tuta lenyewe, na hapo nitakaa zaidi kwenye utoro, ile njia ya pembeni ya maji ya ziada ambayo mafundi wengi huiita spilwei. Tuta la udongo haliwezi kupitiwa na maji juu ya mgongo wake. La zege huweza kustahimili saa kadhaa. La udongo huanza kuliwa upande mkavu mara tu maji yanapoporomoka, na shimo hupanda kuelekea kwenye maji hadi bwawa lote linapita hapo. Kwa hiyo uhai wa tuta uko kwenye utoro.

Hesabu yake si ngumu. Eneo letu la kukusanya maji ni kilomita za mraba 4. Chukua mvua ya milimita 60 kwa saa, na sehemu 4 kati ya 10 zitiririke zisinywewe na udongo. Zidisha 0.278, namba ya kugeuza vipimo, kwa 0.4 kwa 60 kwa 4: karibu mita za ujazo 27 kwa sekunde zinaingia bwawani. Upande wa kutoka, utoro mpana wa sakafu bapa hupitisha takriban 1.7 mara upana, mara kina cha maji kikipandishwa kwa kipeo cha moja na nusu. Utoro wa mita 10 wenye maji ya kina cha sentimita 80 hupitisha mita za ujazo 12 kwa sekunde. Haufiki nusu ya kinachoingia. Kwa kina hicho hicho unahitaji upana wa mita 22. Mwenye bwawa akisikia mita 22 hushtuka, kwa sababu ni ardhi nzuri ya kujenga vibanda viwili. Lakini maji hayatajadiliana naye.

Na usihesabu kwamba bwawa litameza mafuriko. Silanga ya ng'ombe huweza, kwa kuwa masika huikuta nusu tupu. Bwawa la kupumzikia hukutwa limejaa, na ndivyo mwenyewe alivyotaka. Hii ndiyo tofauti kubwa kupita zote kati ya hayo mawili.

Halafu kuna wavu. Samaki hutoroka utoro unapofurika, na mwenye samaki hukasirika, akaweka wavu wa chuma mdomoni mwa utoro. Mvua kubwa ya kwanza huleta makuti, matawi, magunzi ya mahindi, chupa za plastiki, vyote vikajipanga kwenye wavu. Nusu ya utoro ikizibwa, ule wa mita 10 umekuwa wa mita 5. Kwenye bwawa la hekta 4 lenye mafuriko tuliyoyahesabu, nusu mita ya mwisho iliyobaki kabla maji hayajafika mgongoni humalizwa kwa dakika 20 hivi. Huo si muda wa kuvua nguo, kuingia kwenye maji yanayovuta na kuling'oa wavu. Anayejaribu hufa.

Kisa mashuhuri kupita vyote cha bwawa la burudani kuvunjika kina wavu huo huo ndani yake. South Fork, Pennsylvania, Marekani, lilikuwa tuta la udongo la kimo cha mita 22 lililomilikiwa na klabu ya matajiri ya uvuvi na uwindaji. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yameondolewa na mmiliki wa awali yakauzwa kama vyuma chakavu, na hayakurudishwa. Mgongo wa tuta ulipunguzwa ili magari ya farasi yapite. Katikati ulikuwa umeshuka. Na mdomoni mwa utoro kuliwekwa nyavu samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilileta takataka kwenye nyavu, maji yakapanda hadi katikati ya mgongo, na mji wa Johnstown, kilomita 23 chini, ukapoteza watu 2,209. Mambo manne, na kila moja lilifanywa au liliachwa kwa sababu iliyoonekana ya maana siku ile. Yatafute yote manne kwenye bwawa lako.

Ukitaka kuzuia samaki, weka kizuizi ndani ya bwawa, mbali na mdomo wa utoro, chenye nafasi ambayo maji yataruka juu yake kikiziba. Au kubali kupoteza samaki. Sakafu ya utoro ikiwa ya ule mchanga mwekundu wa Magarini, nyasi peke yake hazitoshi; panga mawe au vikapu vya mawe vya waya, na malizia mbali na mguu wa tuta, ili maji yasirudi kulila tuta kwa nyuma. Mawe ya matumbawe ya pwani yanapatikana kwa urahisi, ila ni mepesi na yana matundu. Ukiyatumia, chagua makubwa kuliko ambavyo ungechagua jiwe gumu, la sivyo mkondo utayabeba.

Mgongo wa tuta nao upimwe. Kati ya sakafu ya utoro na mgongo, kwa bwawa letu, nisingekubali chini ya mita 1.5: sentimita 80 za maji ya mafuriko na 70 kavu kwa mawimbi na makosa ya hesabu. Udongo hushuka baada ya kujengwa, asilimia 5 ukishindiliwa vizuri, hata 10 ukishindiliwa ovyo. Tuta la mita 6 basi hupoteza sentimita 30 hadi 60, na hupoteza zaidi katikati, penye udongo mwingi, ambapo ndipo hatari zaidi. Lijengwe limeinuka katikati, na kila mwaka kabla ya masika pitisha ule mpira wa maji kutoka ncha hadi ncha. Pakishuka, jaza na ushindilie kwa udongo ule ule wa mfinyanzi, si mchanga wa kuokoteza. Mgongo usipungue upana wa mita 3. Mteremko wa upande wa maji uwe mita 3 za ulalo kwa kila mita 1 ya kimo, upande mkavu 2.5 kwa 1.

Udongo. Mfinyanzi wa asilimia 20 hadi 30 ndani ya mchanganyiko unatosha. Mwagia kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, unyevu wake ukiwa kiasi kwamba ukiusokota kiganjani unatoa kamba nyembamba ya milimita 3 kabla ya kukatika, na shindilia kwa rola ya miguu ya kondoo, ile yenye vinundu vinavyotokeza, mara 6 hadi 8 kila tabaka. Tingatinga kupita juu si kushindilia. Minyororo yake imeundwa kusambaza uzito isizame, kwa hiyo hupapasa tu. Chini ya tuta chimba handaki hadi ufikie tabaka lisilopitisha maji na ulijaze mfinyanzi. Karibu na bahari, kwenye ukanda wa mwamba wa matumbawe, handaki hilo huenda lisikute kitu ila mashimo na mapango. Hapo ushauri wangu ni kutojenga.

Kuna udongo mmoja unaofanana na mfinyanzi mzuri lakini huyeyuka. Ukiguswa na maji chembe zake zinaachana, zinaelea na kwenda zao, na tuta lililojengwa kwa udongo huo hutobolewa na maji ya mvua tu. Kuutambua ni kazi ya glasi. Chukua bonge dogo, kiasi cha punje ya kunde, kutoka shimo la kuchimbia udongo, likiwa na unyevu wake wa asili. Liweke taratibu ndani ya glasi safi ya maji na usilikoroge. Tazama baada ya dakika chache, kisha baada ya saa moja. Bonge likiporomoka na kulala chini kama unga, maji ya juu yakabaki maangavu, hilo si neno. Likianza kutoa ukungu pembeni mwake, ukungu ukatanda chini ya glasi na kupanda kama tui la pili la nazi, acha udongo huo. Na tumia maji ya mvua, si ya kisima. Visima vyetu vya pwani vina chumvi na chokaa, na vitu hivyo huzishika chembe zisiachane. Udongo mbaya ukiutia kwenye maji ya kisima utakuonyesha uso mzuri. Rudia kwa mabonge ya vina mbalimbali vya shimo. Ukiona ukungu, amini. Usipouona, bado peleka sampuli maabara kabla ya kumwita mwenye tingatinga.

Weka glasi hiyo vizuri, utaihitaji tena tuta likishajaa. Kila tuta la udongo hunyeza kidogo. Swali ni kiasi gani, na maji yana rangi gani. Pale mguuni maji yanapotokea, chimba kijifereji kiyakusanye, tia kipande cha bomba, weka ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde. Andika tarehe, muda wa ndoo, kimo cha maji bwawani na kama mvua imenyesha. Kisha chota glasi, iache itulie, na uitazame kwenye mwanga. Kunyeza kunakopanda na kushuka pamoja na maji ya bwawa ni tabia ya kawaida. Kukiongezeka ilhali bwawa halijapanda, au glasi ikaacha vumbi la udongo kitakoni, maji yameanza kuchimba mrija ndani ya tuta na kubeba udongo kidogo kidogo. Mrija huo huanzia nje na kurudi ndani kuelekea bwawani, na ukifika, hutanuka kwa saa, si kwa siku. Bwawa la Teton, Idaho, lilikuwa ndiyo kwanza linajazwa lilipovunjika namna hiyo tarehe 5 Juni 1976. Kwa hiyo tuta jipya lisijazwe kwa pupa. Acha bomba la chini wazi, jaza kwa hatua, na kila hatua zipe ndoo na glasi siku kadhaa za kusema.

Mahali mrija hupenda kupita ni kando ya bomba la kutolea maji, kwa sababu rola haifiki pale na udongo hubaki mlegevu. Shindilia kwa kipande cha mbao na nguvu za mkono, tabaka jembamba kwa jembamba, na kwenye theluthi ya mwisho ya upande mkavu zungushia bomba mchanga safi unaochuja: maji yatoke, udongo ubaki. Usiondoe bomba la chini kwa kuona halitumiki. Bwawa lisilo na bomba huwezi kulishusha siku ya taabu. Na siku hiyo, kama hakuna hatari ya papo hapo, shusha kiasi cha sentimita 30 kwa siku. Ukishusha kwa kasi, upande wa maji ungali umelowa na hauna tena maji ya kuuegemeza, nao huporomoka.

Mapambo ya burudani yana madhara yake, mengine yasiyotazamiwa. Bustani yenye kumwagiliwa upande mkavu wa tuta hufanya kila mahali pawe kijani na pabichi, hivi kwamba doa la kunyeza halitambulikani kamwe. Mwarobaini, mkanju, mvinje au mathenge uliooteshwa kwa kivuli hupenyeza mizizi, na mti ukifa mizizi ikaoza, kila mzizi ni mrija tayari. Miche ing'olewe ingali midogo; mti mkubwa usiukate kiholela, kwa sababu mizizi itabaki ikioza ndani, ila umwite mhandisi. Otesha ukoka, ufyeke, uweze kuona ardhi. Kenge na panya huchimba, mchwa pia, na njia ya ng'ombe ikipita mgongoni huacha bonde dogo ambalo maji yatalikuta kwanza. Gati la mitumbwi lisichimbiwe ndani ya tuta, liwekwe ukingo wa asili. Boti ya injini hupiga mawimbi yanayolila tuta. Kwenye hekta 4 kasia linatosha.

Nyufa zitofautishwe. Ufa unaokwenda sambamba na mgongo mara nyingi ni kukauka au kushuka. Uwekee vigingi viwili, pima kila wiki. Ufa unaokata mgongo kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni njia ya maji, ushughulikiwe siku hiyo. Ufa uliopinda kama mwezi mwandamo kwenye mteremko, na ardhi chini yake imevimba, maana yake tuta linateleza.

Ukaguzi kiangazi uwe mara moja kwa wiki, masika kila siku, mvua kubwa kila saa hata usiku, kwa tochi na watu wawili. Ukikuta maji ya matope yakibubujika mguuni, usiyazibe kwa mfinyanzi wala turubai. Yatatafuta tundu jingine. Yazungushie viroba vya mchanga, ndani mwaga mchanga safi kisha changarawe, yapite yakichujwa, huku bomba la chini likifunguliwa lote. Na kabla ya kugusa kiroba cha kwanza, watu wa chini wawe wamekwisha kupigiwa simu.

Kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na mhandisi aliyesajiliwa ndiye anayetia sahihi michoro. Silanga iliyogeuzwa kuwa bwawa la wageni irudishwe kwao ipimwe upya, hata kama haijaongezwa hata sentimita moja.

Mpango wa dharura uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na kwa Kigiryama pale wazee wanapokitaka. Uonyeshe nani anaamua, nani anapiga simu, na kila nyumba inakimbilia wapi. Watu wapande pembeni kwenda kwenye mwinuko, wasikimbie kufuata bonde, kwa kuwa maji yanafuata bonde hilo hilo. Orodha ianze na nyumba iliyo karibu zaidi na tuta, kisha mzee wa mtaa, chifu, imamu mwenye ufunguo wa kipaza sauti cha msikiti, mwenye mangwe. Mtandao wa simu hukatika mvua kubwa, kwa hiyo chagua kijana mmoja wa bodaboda na mwingine wa akiba, ambao wanaijua njia ya juu. Kila mwezi wa Machi, kabla ya masika, teremka tena bondeni na daftari la nyumba, ongeza zilizojengwa tangu mwaka jana, kisha piga kila nambari iliyo kwenye orodha uone kama bado inaita na ni nani anayeipokea.